Farasi Wanne wa Liwali wa Mombasa

Tarehe 19 Septemba 2022, msafara wa mazishi ya Malkia Elizabeth ulipotoka Westminster Abbey, waliotangulia mbele kabisa walikuwa polisi wanne wa Kanada: makoti mekundu, kofia pana, juu ya farasi. Mtazamaji wa Mombasa alikuwa na haki ya kuuliza polisi wa Kanada wana nini na jeneza la London. Jibu la kisheria ni fupi: Elizabeth alikuwa Malkia wa Kanada pia, na alishika cheo cha heshima katika kikosi hicho. Jibu la kihistoria ni refu zaidi, na sehemu yake inapita hapa kisiwani kwetu.

Watazame farasi wenyewe kwanza. George, Elizabeth, Darby na Sir John hawakusafirishwa kwa ajili ya mazishi. Walikuwa Uingereza tayari, kwa kuwa kikosi hicho cha Kanada kilikwisha kumtunukia Malkia miaka ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Desturi hiyo ilishika mizizi 1969, alipopewa farasi aitwaye Burmese, naye akampanda katika gwaride la siku yake ya kuzaliwa kila mwaka hadi 1986. Kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Charles tarehe 6 Mei 2023, kikosi kilimpa naye farasi wake, Noble. Kwa hiyo Kanada hupata nafasi ya mbele katika magwaride ya London kwa sababu imekuwa ikitoa kwa zaidi ya nusu karne, na polisi wake wakifika huko hupanda wanyama waliotoka kwao. Hii ni diplomasia ya subira, na imelipa.

Pwani hii iliijua diplomasia hiyo mapema zaidi. Miaka 180 kabla ya mazishi hayo, farasi wanne wengine walipelekwa Uingereza kuwa zawadi kwa malkia mwingine, Victoria, na aliyekabidhiwa kazi ya kuwafikisha alikuwa Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwavunja nguvu Mazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa, akautwaa mji 1837. Ali bin Nasir alikuwa mtu wake wa kuaminika. Alimtuma London 1838, Victoria akiwa amekalia kiti kwa mwaka mmoja tu, kisha akamtuma tena 1842. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa 1844 alimkuta akiwa liwali, na akaandika kwamba mtu huyo alikwisha kufika London mara mbili. Zawadi za 1842 ziliorodheshwa: mikufu miwili ya lulu, zumaridi mbili, pambo lililofanywa mfano wa taji, shali kumi za Kashmiri, chupa nne za halwaridi, na farasi wanne. Miaka miwili kabla yake mjumbe mwingine wa Sayyid Said, Ahmad bin Naaman, alikuwa amefika New York na meli ya Sultana akiwa na farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Martin Van Buren, ambaye kwa mujibu wa katiba ya nchi yake hakuweza kuwapokea kuwa mali yake bila idhini ya Bunge.

Msomaji wa leo huipita orodha kama hiyo haraka haraka, akiona anasa za kale. Afanye hesabu kidogo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, kwa hiyo chombo cha 1842 kililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Farasi mmoja hunywa lita 30 za maji kwa siku, na kwenye joto huzidi. Kwa farasi wanne, siku 90 baharini ni zaidi ya lita 10,000, achilia mbali majani, nafaka na mtu wa kuwashika bahari inapochafuka. Kumfikisha farasi akiwa hai kulikuwa ni kutangaza kwamba anayekutuma ana meli, ana mabaharia, ana mali, na anakuandikia kama mwenzako. Hilo ndilo lililosemwa kwa farasi wale, na wenyeji wao walilielewa.

Nami sitaki kuifanya safari ile nzuri kuliko ilivyokuwa. Wakati ule Uingereza ilikuwa ikimbana Sayyid Said aache biashara ya watumwa, na ujumbe wa 1842 ulikwenda kumtetea dhidi ya shinikizo hilo. Mkataba wa 1845 ukaja kupiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka milki zake za Afrika. Kwa hiyo liwali wa Mombasa aliposimama London kwa heshima kamili, heshima hiyo haikuwa ya kila mtu wa Mombasa. Kulikuwa na maelfu ya watu katika mashamba ya pwani ambao hakuna zawadi iliyotumwa kwa ajili yao. Nalisema hili kwa sababu kipimo nitakachotumia katika safu hii, yaani nani anamtuma nani katika gwaride la nani, hakikamiliki bila swali la pili: anayetumwa anabeba haja ya nani?

Farasi wale hawakuwa wa Mombasa kwa asili. Hawangeweza kuwa. Ng'ambo ya kisiwa, bara, inzi waitwao ndorobo walikuwa wakiua ng'ombe, nyumbu na farasi kwa ugonjwa wa nagana, na wajenzi wa reli walipoingia nyika ya Taru kuanzia 1896 walipoteza wanyama wa mizigo kwa wingi. Juu ya hilo kuna maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na usubi, mdudu mdogo anayestawi penye joto na unyevu. Yakiwapata farasi wasio na chanjo huwaua wengi wao kwa siku chache. Ndiyo maana mji wetu ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Anayeijua Ndia Kuu au vichochoro vya Kibokoni hahitaji kuambiwa.

Wageni walipotaka magari ya heshima, mji uliwapa kitu ambacho wapiga picha wa wakati huo hawakuchoka kukipiga: toroli. Kuanzia miaka ya 1890 reli nyembamba zilitandikwa barabarani, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vikapita viti vyenye paa la turubai. Maafisa, wafanyabiashara na wageni wa serikali waliketi, na watu wawili au zaidi wakawasukuma kwa nyuma, miguu peku, kanzu nyeupe, wakikimbia juani. Kila ofisi kubwa ilikuwa na toroli lake na wasukumaji wake wenye sare. Hadi magari ya moto yalipoyafuta katika miaka ya 1920, hilo ndilo lililokuwa gari la fahari la Mombasa, na nguvu iliyoliendesha ilikuwa ya binadamu. Kumbukumbu za ukoloni huandika toroli kama kichekesho cha zamani. Mimi naliona kuwa maelezo kamili ya utawala ule: mahali ambapo farasi hakuishi, mwanadamu aliwekwa katika nafasi yake.

Sasa tuingie Ngomeni, yaani Fort Jesus. Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi kutoka kwa kampuni ya IBEA 1895, kikosi kipya cha East Africa Rifles kiliundwa, makao yake yakiwa Mombasa. Ndani yake mlikuwa na Wapunjabi, Wasudani na Waswahili. Mwaka huohuo Sultani wa Zanzibar aliukodisha ukanda wa pwani wa maili kumi kwa Waingereza, bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus huku wanaoamuru gwaride la chini wakiwa wengine. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Afrika Mashariki na Kati viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita keya. Mwaka huo huo keya walipelekwa London.

Kutawazwa kwa Edward VII kulipangwa tarehe 26 Juni 1902. Majeshi ya makoloni yalipiga kambi Alexandra Palace, askari wa Afrika Mashariki wakiwa miongoni mwao. Siku mbili kabla ya sherehe mfalme akaugua tumbo, akapasuliwa, na sherehe ikasogezwa hadi tarehe 9 Agosti. Wakati huo huo Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, na katibu wake Ham Mukasa walikuwa London, wakiwa wamepanda meli hapa Mombasa baada ya kushuka kwa reli ambayo ilikuwa imefika Ziwa Viktoria miezi michache tu nyuma. Mukasa aliandika kwa Kiganda kila alichokiona, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza 1904. Alitazama magwaride, mazizi ya mfalme, viwanda, meli, kwa jicho la mtu anayepima nguvu za mwenyeji wake ili akawaeleze wakubwa zake nyumbani.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka tuishike. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wa aina mbili London mwaka ule: waliotumwa na waliopelekwa. Katikiro, ingawa nchi yake ilikuwa tayari chini ya himaya, alifika kama mjumbe, akaketi Abbey, akarudi na maneno yake. Askari alifika kama pambo la dola. Sare alivalishwa, amri alipewa kwa lugha ya mwingine, mahali pa kusimama alipangiwa ili umati wa London uone ukubwa wa milki kwa kuhesabu rangi za ngozi. Ujasiri wake na unyoofu wa safu zake vilikuwa vya kweli, na sijawahi kumdharau mtu aliyesimama imara namna hiyo mbali na kwao. Ninachosema ni kwamba maana ya gwaride lile haikuwa mikononi mwake.

Hali hiyo ilirudiwa katika kutawazwa kwa 1937, kisha katika gwaride la ushindi la tarehe 8 Juni 1946, kisha tena 1953. Mwaka huo wa mwisho ndio unaoniuma zaidi. Tarehe 2 Juni 1953 mvua ilinyesha London, na keya wakapita katika msafara wa kumtawaza Elizabeth. Sayyid Khalifa bin Harub wa Zanzibar, mzee wa miaka sabini na zaidi, alikuwa katika magari ya farasi ya watawala wa nchi za himaya. Bendera yake ilipepea Ngomeni, nayo Ngome ilikuwa gereza. Nchini Kenya hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria mwezi Aprili, na keya wenzao walikuwa msituni Aberdare wakiwawinda Mau Mau. Sare ileile ilishangiliwa London na kuogopwa Nyeri katika wiki ileile.

Farasi katika Kenya ya ukoloni alikuwa mnyama wa mlowezi. Agosti 1914 walowezi walipokusanyika Nairobi kuunda East African Mounted Rifles, wengi walikuja na farasi wao na bunduki zao. Kaskazini askari walipanda ngamia, na baada ya uhuru kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kilikuja kutumia farasi pale magari yasipopita. Hiyo ni kazi, si maonyesho. Hakuna aibu yoyote kwamba Kenya haina polisi wa farasi wa kupeleka London. Hata ingekuwa nao, maradhi niliyoyataja yanasimama mlangoni, kwa kuwa nchi zisizo nayo huwaweka farasi wa kwetu karantini na kuwapima damu kabla ya kuwaruhusu waingie.

Lakini usidhani kwamba Mombasa haikuwahi kupeleka gwaride lake ugenini. Ililipeleka, na likasambaa kuliko la mfalme yeyote. Jina lake ni beni.

Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vijana walisikia bendi za manowari na za misheni, wakaona mazoezi ya askari, wakatengeneza ngoma yao yenye tarumbeta, ngoma kubwa, sare, vyeo na safu zilizonyooka. Mombasa ikagawanyika kwa vyama, Kingi upande huu na Skochi upande ule, vikishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kujibizana, hata mtu akafilisika kwa ajili ya chama chake. Vyeo walijipa wenyewe. Jenerali wa beni aliweza kuwa karani mchana. Vita vya kwanza vya dunia vilipochukua askari na wapagazi kutoka huku, beni iliondoka nao. Ikaenea Tanganyika kwa majina ya Marini na Arinoti, ikafika Nyasaland, ikaingia Kongo, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikazaa ngoma ya kalela. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka 1975.

Wako wanaosema beni ilikuwa kumwiga mzungu tu. Nakataa. Mwigaji hungoja kuambiwa ageuke lini. Hawa waliamua wenyewe nani kanali, nani daktari, nani aketi wapi, na chama kikawazika wanachama wake na kuwasaidia wagonjwa. Maafisa wa kikoloni waliitilia shaka kwa sababu waliona ndani yake watu wanaojiamuru. Katika kipimo changu, beni ndilo gwaride la kwanza la Mombasa lililotoka nje likiwa na mwenye kulituma hapahapa mtaani.

Upande wa pili wa bahari kuna mfano mwingine wa kutafakari. Oman, nchi iliyowatoa watawala wa Mombasa kwa muda mrefu na ambako leo Kiswahili kinazungumzwa nyumba kwa nyumba na familia zilizorudi kutoka Zanzibar na pwani hii, ilijenga upya kikosi cha farasi cha kifalme chini ya Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970. Kikosi hicho kina bendi inayopiga ala juu ya farasi, na wapanda farasi wanawake. Kilikwenda Windsor 2012 katika sherehe za miaka sitini ya Malkia Elizabeth, kikarudi 2016 alipotimiza miaka tisini. Ngoma na mavazi ni ya Kiomani, makamanda ni Waomani, gharama ni ya Oman. Kwa hiyo mtoto wa shangazi yetu wa Muscat anapoona kikosi hicho uwanjani ugenini, anaona nchi yake ikizungumza kwa sauti yake. Fedha za mafuta zimesaidia, bila shaka. Ila kuna nchi nyingi zenye fedha ambazo hazikuamua hivyo.

Na sisi? Mwezi Novemba 2023 Mfalme Charles alifika Mombasa. Wanamaji wetu walimwonyesha mazoezi ya kuteremka ufukweni Mtongwe, akaja Fort Jesus, akapanda tuktuk ya umeme. Mimi sikuchukizwa na tuktuk. Ndiyo chombo cha kweli cha mji huu, na dereva wake ni mwenye gari lake au mwenye kulitafutia riziki, si msukuma toroli wa bwana. Kilichonisumbua ni kwamba tukialikwa nje sisi, kwenye tamasha la kijeshi, siku ya taifa la rafiki au maonyesho ya utalii, jibu letu huwa halijulikani mpaka dakika ya mwisho. Mara nyingi kinachopelekwa ni ngoma ya kurukaruka ya dakika kumi, mavazi yaliyoshonwa jana, na watu waliotolewa popote, kwa sababu mwenyeji ametuma barua akieleza anachotaka kuona. Hiyo ni nafasi ya askari wa 1902, tofauti ni kwamba sasa tumejivalisha wenyewe.

Ninaiomba serikali ya kaunti na wizara ya utamaduni zifanye jambo la kawaida kabisa: ziwe na kundi la kudumu la heshima la Mombasa. Wapo tayari wapigaji wa matwari wanaoongoza zefe za Maulidi katika Mji wa Kale. Wapo wachezaji wa kirumbizi ambao bakora zao zina adabu na kanuni kuliko mazoezi mengi ya kijeshi. Wapo wapiga tarumbeta wa harusini, warithi wa beni wasiojua kwamba ni warithi. Bendi ya polisi ipo pia, na ingefaidika kufundishwa nyimbo za kwetu na watu hao. Kiongozi wa kundi atoke miongoni mwao, mkataba uandikwe na mwanasheria, na barua ya mwaliko ijibiwe kwa orodha ya tunayoyaleta. Mwenyeji akisema anataka Wamasai wakiruka, aelekezwe Kajiado, wakapatane na wenyewe.

Kuna la pili, na hili halihitaji bajeti kubwa. Safari za London za 1902, 1937 na 1953 ziliacha medali, na ya 1946 picha, na familia nyingi za askari waliokwenda zingali kisiwani na pwani: Majengo, Bondeni, Likoni, Mtwapa hadi Lamu. Sanamu ya askari pale Mwembe Tayari iliwekwa kwa ajili ya waliokufa vitani, na haina majina. Makumbusho ya Fort Jesus yana wataalamu, yana kamera na yana mahali pa kuhifadhi. Yafungue meza moja kwa mwezi mmoja, kila Jumamosi kwa mfano, pale uwanjani mbele ya lango. Mwenye medali au picha ya babu yake aje nayo, ipigwe picha, jina la babu liandikwe kwa ukamilifu na ukoo wake na mtaa wake, kisha arudi nayo nyumbani. Kazi hiyo ianze kabla ya Ramadhani, kwa sababu walio na kumbukumbu za waliorudi kutoka gwaride la 1953 ni wazee sasa, na wajukuu wao hawajui medali ile ndani ya kasha la bibi inatoka wapi.